Mchimbaji Mgeni na Nyumba Yake

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Twasema mbele yenu leo, mara baada ya Mweka Hazina kutusomea hesabu za mwaka. Mmesikia ada zilizolipwa na zile ambazo hazijalipwa. Mmesikia fedha zilizotolewa kwa wagonjwa, na zile zilizotumika kuwasafirisha marehemu wetu kwenda kuzikwa nyumbani. Ndani ya hesabu hizo limo jambo moja ambalo tarakimu haziwezi kulisema, nalo ndilo tulilokusudia kulieleza: ya kwamba mtu aondokapo kwao kwenda kutafuta kazi, haendi peke yake. Hata akipanda gari akiwa na sanduku moja tu mkononi, nyumba yake yote imekwenda pamoja naye, na yatakayompata huko yataipata nyumba yote.

Kulionyesha jambo hili hatutachukua mfano wa hapa kwetu, maana mambo ya karibu humtia mtu uchungu kabla hajafikiri. Tutachukua mfano wa mbali, wa watu wa Italia waliokwenda kuchimba makaa ya mawe katika nchi ya Ubelgiji baada ya Vita Kuu ya Pili. Habari zao zimeandikwa, na matokeo yake yajulikana tangu mwanzo hata mwisho; basi twaweza kuzipima kwa utulivu, na kila mmoja wetu akachukua humo limfaalo.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Ubelgiji ilikuwa na mashimo mengi ya makaa, lakini haikuwa na watu wa kutosha wa kuyashukia. Wakati ule makaa yalikuwa ndiyo chakula cha viwanda, cha reli, na cha majiko ya nyumbani wakati wa baridi. Waziri Mkuu wa nchi hiyo, Achille Van Acker, aliwataka watu wake waingie katika jitihada ya makaa kama vile wanavyoingia vitani. Lakini vijana wa Kibelgiji walikuwa wakiikimbia kazi ya chini ya ardhi, na mateka wa Kijerumani waliokuwa wakiifanya hawakuwa na budi kurudishwa kwao. Italia, kwa upande wake, ilikuwa na mikono mingi isiyo na kazi, wala haikuwa na makaa. Basi tarehe 23 Juni 1946 serikali hizo mbili zilitia sahihi mapatano mjini Roma: Italia ipeleke wafanyakazi 50,000, wapata 2,000 kila juma, nayo Ubelgiji iiuzie Italia makaa kwa kadiri ya watu watakaopelekwa.

Yafaa tulitazame neno hilo kwa makini. Katika upande mmoja wa mizani waliwekwa watu, na katika upande wa pili yakawekwa makaa. Serikali zote mbili zilikuwa na haja ya kweli, na wala hatusemi kwamba zilikusudia ubaya. Lakini wenyewe waliopimwa hawakuwapo katika chumba cha mapatano.

Katika miji na vijiji vya Italia yalibandikwa matangazo ya karatasi za rangi ya waridi. Yalitaja mshahara, posho ya watoto, likizo yenye malipo, makaa ya bure, malipo ya uzeeni, na nauli ya gari la moshi. Mambo hayo yaliyotajwa yalikuwapo. Ila karatasi ile haikusema shimo lina kina gani, wala vumbi lafanya nini ndani ya kifua cha mtu, wala mtu akishindwa na kazi atatendewa nini. Sisi tulio makarani twajua ya kwamba hati yaweza kumpotosha msomaji bila ya kuandikwa neno hata moja la uongo. Yatosha kuacha nafasi tupu pale palipotakiwa kuandikwa neno.

Aliyekubali, ikiwa hajapita umri wa miaka 35 na mwili wake ni mzima, alipelekwa Milano. Katika vyumba vilivyo chini ya kituo kikubwa cha reli cha mji huo watu walipangwa, wakapimwa na madaktari, wakakamilisha hati zao za mkataba wa miezi 12. Kisha walipandishwa gari la moshi wakapita nchi ya Uswisi mpaka Ubelgiji. Huko mara nyingi hawakushushwa mahali pa abiria, bali upande wa mizigo. Majina yao yakaitwa, na kila kundi likachukuliwa na wenye shimo lake. Watu waliotoka kijiji kimoja, wakalala siku za safari bega kwa bega, waliweza kutenganishwa katika saa moja.

Wengi wa watu hao walikuwa wakulima na wachungaji. Walikuwa wamezoea jua, upepo na mlima, na hawakuwahi kuliona shimo la makaa. Wapo waliokwisha shuka mara moja tu, wakapanda juu na kusema hawatashuka tena. Hao, kwa kuwa wamevunja mkataba, walikamatwa wakawekwa katika ngome iitwayo Petit-Château mjini Brussels, wakingojea kurudishwa kwao. Na yule aliyekubali kuendelea hakuwa huru kutafuta kazi nyingine aipendayo: ilimpasa amalize miaka 5 katika mashimo kabla ya kuruhusiwa kuingia katika kazi ya namna nyingine. Maana yake ni kwamba ruhusa yake ya kukaa katika nchi ile na kazi yake shimoni vilikuwa vimefungwa kwa kamba moja.

Sasa tuiangalie kazi yenyewe. Mchimbaji alifika langoni kabla ya kucha, akapewa taa na kipande cha chuma chenye namba. Neno hili kipande wazee wetu hawahitaji kufafanuliwa. Lakini kipande cha mchimbaji kilikuwa na kazi nyingine pia: jioni taa ikikosekana mahali pake, wenzake walijua kwamba mwenye namba ile hajapanda. Nguo zake za nyumbani alizitundika katika ndoano, akazivuta kwa mnyororo mpaka juu darini. Kisha aliingia katika kizimba cha chuma pamoja na wenzake, kikateremka kwa mwendo wa kasi mamia ya mita. Katika shimo la Bois du Cazier, ambalo tutalitaja tena, kina cha chini kabisa walichofanyia kazi kilikuwa mita 1,035.

Huko chini ni joto, ni giza, na ni kelele. Mahali pengine tabaka la makaa lilikuwa na unene usiofika nusu mita. Mtu hawezi kusimama wala kupiga magoti, bali hulala ubavu, akaishika mashine ya kuchonga iendeshwayo kwa nguvu ya upepo, na makaa yakamwangukia usoni. Juu yake ni magogo yaliyotegemeza mwamba. Ikiwa mtu atatumia muda mrefu kuyaweka magogo sawasawa, kipimo chake cha makaa kitapungua, na kipimo kikipungua mshahara nao hupungua. Hivyo kila siku mchimbaji alikuwa akichagua baina ya usalama wake na chakula cha watoto wake, na hapana mtu aliyemwona alivyochagua. Kati ya mwaka 1946 na mwaka 1963 zaidi ya Waitalia 800 walikufa katika mashimo ya Ubelgiji. Wengi wao hawakufa katika msiba mkubwa uliojulikana ulimwenguni; walikufa mmoja mmoja, leo huyu, mwezi ujao yule, na habari zao hazikutoka nje ya kijiji chao.

Ndugu zetu, mpaka hapa tumesema habari za mwanamume mmoja na kazi yake. Tukiishia hapa tutakuwa tumesoma nusu ya daftari. Tugeuze ukurasa tuitazame nyumba.

Waliokwenda kwanza hawakupewa nyumba, maana nyumba hazikuwapo. Waliwekwa katika kambi zilizotumika wakati wa vita kuwaweka mateka wa Kirusi, na baadaye mateka wa Kijerumani: vibanda vya mbao na vya mabati yaliyopindwa kama nusu ya pipa, maji yapo nje, vyoo ni vya watu wote. Mabati hayo, kama ajuavyo kila mtu aliyepata kukaa katika landhi, huunguza wakati wa jua na hugandisha wakati wa baridi. Na baridi ya Ubelgiji si baridi ya Limuru. Kambi zilizofaa kuwa za miezi michache zikakaliwa miaka. Aliyetaka kupanga nyumba mjini alisumbuka, kwa kuwa wenye nyumba wengine walibandika vibao kusema hawapokei wageni. Mitaani waliitwa makaroni, kwa jina la chakula chao.

Hata hivyo wake zao waliwafuata. Kati ya mwaka 1946 na mwaka 1957, pamoja na wafanyakazi wapatao 140,000 waliotoka Italia kwenda Ubelgiji, walikwenda pia wanawake wapatao 17,000 na watoto wapatao 29,000. Tarakimu hizi zatufundisha jambo. Mapatano ya mwaka 1946 yalihesabu wafanyakazi. Lakini mwanamke mmoja baada ya mmoja, kwa sanduku lake na mtoto wake mkononi, alikuja kuisahihisha hesabu ile. Waliotaka mikono hawakuweza kuizuia mioyo isije pamoja nayo.

Kazi ya mwanamke huyo haikuandikwa katika mkataba wo wote, wala haikulipwa na kampuni, lakini bila hiyo makaa yasingalitoka. Ndiye aliyekitengeneza kibanda kiwe nyumba, akatundika pazia mahali pa ukuta. Ndiye aliyefua nguo zilizojaa vumbi jeusi, kwa maji aliyoyachota nje katika baridi. Alilima bustani ndogo nyuma ya kibanda ili mboga zisinunuliwe. Wengine waliwapikia na kuwafulia wachimbaji wasio na wake, wapate fedha kidogo za kuongeza. Yeye ndiye aliyegawanya mshahara: hii ya duka, hii ya viatu vya shule, hii ya kupelekwa Italia kwa mama mkwe na kwa deni la shamba. Na kila siku, saa ya kubadilishana zamu ilipokaribia, alisikiliza. King'ora kikilia saa isiyo yake, wanawake wote wa kambi walitoka nje bila ya kuambiana.

Watoto nao walikuwa na mzigo wao. Walikwenda shule wakafundishwa kwa Kifaransa au kwa Kiflemi, wakarudi nyumbani kusema Kiitalia, au lugha ya kijiji chao. Haukupita muda mrefu wakawa wakalimani wa wazazi wao: mtoto wa miaka 9 akisimama mbele ya daktari au karani wa bima, akieleza kikohozi cha baba yake kwa lugha asiyoijua baba. Jambo hili lina heshima na lina uchungu pia, maana mtoto huyo ameyajua mapema mambo ambayo mzazi angependa kumficha.

Nao wapo waliotoka katika nyumba hizo wakajulikana ulimwenguni. Salvatore Adamo alizaliwa Comiso katika kisiwa cha Sicilia mwaka 1943; baba yake alikwenda Ubelgiji kuchimba makaa mwaka 1947, na mama na mtoto wakamfuata mwaka ule ule. Mtoto huyo akawa mwimbaji mashuhuri, nyimbo zake zikaimbwa katika nchi nyingi. Elio Di Rupo alizaliwa Ubelgiji mwaka 1951 katika nyumba ya wazazi wa Kiitalia waliokwenda huko kwa ajili ya kazi hizo. Alikuwa mtoto mdogo mno baba yake alipofariki, na mama akabaki na watoto 7, hata baadhi yao wakalelewa katika nyumba ya mayatima. Mwaka 2011 mtoto huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Ubelgiji, akashika kazi hiyo mpaka mwaka 2014. Twawataja wawili hawa si kwa sababu kila mtoto wa mgeni atakuwa Waziri Mkuu, bali kwa sababu mtu aliyepita karibu na vibanda vile miaka hiyo asingeweza kujua nani yumo ndani yake.

Yapo mambo mawili yaliyoingia katika nyumba ya mchimbaji bila ya kubisha hodi. La kwanza huja polepole, la pili huja mara moja.

Lile lijalo polepole ni ugonjwa wa vumbi, uitwao silikosisi. Vumbi la mwamba huingia katika mapafu, likakaa humo, na mapafu yakageuka kuwa magumu kama ngozi iliyokauka juani. Mtu huanza kwa kuchoka akipanda ngazi. Kisha hawezi kubeba mtoto. Mwishowe hulala akiwa ameketi, kwa kuwa akijinyosha hapati pumzi. Hana hata miaka 50. Sasa sikilizeni jambo la karatasi. Italia ilikwisha utambua ugonjwa huu kwa sheria mwaka 1943, kuwa ni ugonjwa utokanao na kazi na ustahilio fidia. Ubelgiji haikuutambua hivyo kwa wachimbaji wa makaa mpaka sheria yake ya Desemba 1963, iliyoanza kutumika mwaka 1964. Mapafu ni yale yale, vumbi ni lile lile, lakini upande mmoja wa mpaka mtu ni mgonjwa wa kazi, na upande wa pili mtu huyo huyo ni mchovu tu. Kwa miaka ile ishirini iliyopita katikati, aliyelipa gharama ya ugonjwa huo ni mke aliyekesha na mtoto aliyeacha shule.

Lile lijalo mara moja lilifika siku ya Jumatano, tarehe 8 Agosti 1956, katika shimo la Bois du Cazier huko Marcinelle, karibu na mji wa Charleroi. Saa 2 na dakika 10 asubuhi, katika kina cha mita 975, gari dogo la makaa halikuingia sawasawa katika kizimba, likabaki limetokeza nje. Kulitokea kutoelewana baina ya mtu wa chini na mtu wa juu, na kizimba kikaondoka. Lile gari lililotokeza likabomoa boriti, likakata bomba la mafuta, nyaya za umeme, na bomba la upepo. Mafuta yakashika moto, mbao zilizokuwa shimoni zikawaka, na ule upepo uliokusudiwa kuwapa watu pumzi ndio uliowapelekea moshi. Watu 275 walikuwa wameshuka asubuhi ile. Waliokufa walikuwa 262.

Wake na watoto walikuja wakasimama langoni, wamevishika vyuma vya lango. Walikaa hapo mchana na usiku, wengine wakiwa na vitoto vichanga, wasijue kama wao ni wake au ni wajane. Waokoaji walishuka tena na tena katika moshi. Siku 15 zilipita ndipo walipofika chini kabisa, tarehe 23 Agosti, wakapanda juu na kusema kwamba wote waliobaki huko ni maiti. Zaidi ya wanawake 200 walikuwa wajane, na zaidi ya watoto 400 mayatima.

Katika wafu hao Waitalia walikuwa 136, na kati yao 60 walitoka mkoa mmoja tu wa Abruzzo, wengi wao katika kijiji cha Manoppello na vijiji jirani. Wabelgiji walikuwa 95. Waliosalia walikuwa watu wa mataifa mengine kumi, nao walikuwamo Waafrika watatu wa Algeria. Moshi haukumwuliza mtu pasi yake. Wale waliokataliwa nyumba za kupanga walilala mahali pamoja na wenyeji wao, na wajane wa lugha mbalimbali walilia mbele ya lango moja.

Baada ya msiba huo Italia ilisimamisha kupeleka wachimbaji Ubelgiji. Lakini haja ya makaa haikusimama. Mwaka ule ule wa 1956 Ubelgiji ilifanya mapatano na Hispania. Mwaka 1957 na Ugiriki. Na mwaka 1964 na Moroko na Uturuki. Mlango mmoja ulipofungwa, mingine ikafunguliwa. Shimo lenyewe la Bois du Cazier lilifungwa mwaka 1967. Siku hizi ni mahali pa kumbukumbu, na mwaka 2012 liliwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Nayo Italia, tangu mwaka 2001, imeifanya tarehe 8 Agosti kuwa siku ya kuwakumbuka wana wake waliotolewa kafara na kazi katika nchi za ugenini.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, mtu aweza kuuliza: Je, watu hao walikuwa wakingojea tu serikali mbili ziwahurumie? La. Mambo mengi mema waliyoyapata yalitokana na kukusanyika kwao. Katika vyama vya wafanyakazi walisimama pamoja na Wabelgiji. Vilikuwapo pia vyama vya Kiitalia vya kuwasaidia wahamiaji, kama ACLI, kilichoanzishwa mwaka 1944, na INCA, iliyoanzishwa mwaka 1945. Katika ofisi za vyama hivyo alikuwako karani, meza, wino, na benchi la kungojea. Mchimbaji mwenye kikohozi aliingia na bahasha yake ya hati. Karani akazipanga kwa tarehe, akaandika ombi la malipo, na jibu likija la kukataa akaandika tena. Mjane aliyekuwa hajui kusoma alisomewa barua ya kampuni polepole, akaelezwa siku ya mwisho ya kujibu. Kazi ya namna hiyo haina sifa wala haipigwi picha. Lakini kwa hati hizo nyumba nyingi zilipata haki zilizokuwa zao. Wazee walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza ya kwamba na mtu pia, asipoandikwa po pote na wenzake, aweza kupotea bila habari.

Twayasema haya kwa sababu habari ya mchimbaji mgeni si ya zamani wala si ya Ulaya peke yake. Leo vijana wetu, wana na mabinti, wanakwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani, za ulinzi, za udereva na za ujenzi. Wanakwenda kwa hiari yao, kwa mkataba, na kwa matumaini ya nyumba zao. Na wako waliofanikiwa, wakajenga, wakasomesha wadogo zao. Hatumkatazi mtu kwenda. Lakini katika nchi hizo, kwa miaka mingi, ruhusa ya mgeni kukaa nchini imefungwa pamoja na jina la mwajiri wake, kama vile ruhusa ya Mwitalia ilivyofungwa na shimo. Matangazo yao nayo hutaja mshahara kwa herufi kubwa. Nafasi tupu katika karatasi bado zipo, na bado twapaswa kuuliza nini kingaliandikwa hapo.

Kwa hiyo twaomba Mkutano huu upokee mashauri manne, uyafikiri, na ukipendezwa uyakabidhi kwa Kamati.

Kwanza, mwanachama ye yote, au mtoto wa mwanachama, apatapo mkataba wa kazi ya mbali, aulete kwa Katibu kabla ya kutia sahihi, usomwe wote, kwa lugha aielewayo, mbele ya mzazi au mwenzi wake. Kusoma huku kusiwe na malipo. Nakala ibaki katika jalada la Chama.

Pili, liwepo daftari la wasafiri: jina, nchi, jina la mwajiri, tarehe ya kuondoka na ya kumaliza, na jina la mtu wa nyumbani wa kupashwa habari. Kila miezi mitatu Katibu aulize habari za kila mtu aliyeandikwa humo. Akikosekana, kama taa iliyokosekana mahali pake, tuanze kumtafuta siku ile ile.

Tatu, sehemu ya ada zetu iwekwe kando kwa ajili ya karo za watoto wa msafiri aliyefariki au aliyerudi mgonjwa. Mtoto asiache shule kwa sababu barua ya fidia bado iko njiani.

Nne, akina mama wapewe viti katika Kamati inayoshughulikia mambo haya. Wao ndio waugawanyao mshahara unapofika, na ndio wanaojua kwanza kama mshahara haukufika. Kamati isiyowasikiliza itasoma nusu ya daftari.

Mashauri haya yatagharimu fedha kidogo na kazi nyingi. Mweka Hazina ametuonyesha leo ya kwamba ada zisizolipwa zingetosha kuyaanzisha. Basi tusiondoke hapa tukiwa tumewahurumia watu wa Marcinelle tu. Maana wao wamekwisha pumzika, lakini katika viti hivi wameketi watu ambao watoto wao wana pasi mpya mifukoni.